Moyo Yangu, Moyo Wangu

Si kweli kwamba Radi alipanda jukwaani amelewa. Mwimbaji huyo wa roki hakuwahi kuonja pombe maishani. Kikombe ambacho watu walikiona mkononi mwake kilikuwa na maji ya uvuguvugu ya kulainisha koo. Aliyelijua hilo kuliko wote ni mkewe, mwalimu wa Kiswahili, naye alinyamaza.

Radi alianza kama fundi wa kuchomelea mageti. Aliimba akishindana na kelele za karakana, na huko ndiko alikoipata ile sauti ya kukwaruza iliyomtoa. Wimbo wake uliovuma kuliko zote ulikuwa na kiitikio kimoja tu: "Moyo yangu imeungua!" Redio ziliupiga kutwa. Wanafunzi wakauingiza kwenye insha.

Kwa mkewe, chumba cha walimu kikawa hakikaliki.

"Mwalimu, shemeji hajambo?" mwalimu wa hesabu alimtania. "Na moyo yake inaendeleaje?"

Wenzake wakaangua kicheko. Naye akacheka, uso ukimwaka.

Nyumbani akamketisha mumewe mezani kama mtoto wa darasa la pili.

"Unaniaibisha. Moyo *wangu umeungua*. Sema."

"Mama watoto, watu wameshauzoea hivyo."

"Wamezoea kosa. Sema!"

Akasema, mara kumi, mara ishirini.

Siku ya tamasha uwanja ulifurika mchana kweupe. Kiitikio kilipofika, maelfu waliimba "yangu", Radi akaimba "wangu", kisha ulimi ukamponyoka: "imeungua". Akasita ili ajisahihishe. Magitaa yakamwacha. "Ume... ime..." Akageuza macho hadi safu ya mbele alikoketi mkewe, kama mwanafunzi aliyekwama ubaoni. Mkewe akainama, akajifanya anatafuta kitu mkobani.

"Kalewa huyo! Mshusheni!"

Walimzomea mpaka akashuka.

Waandishi wa habari walipomhoji, alijibu tu, "Nilisahau maneno." Hakumtaja mkewe. Na mkewe, alipopewa pole na walimu wenzake kwa kuolewa na mlevi, alizipokea pole hizo, akashukuru, akaenda darasani kufundisha.

Radi hakuimba tena. Alirudi kwenye mageti yake hadi alipofariki, na wanawe bado wanaitwa watoto wa mlevi. Basi ijulikane kwamba mlevi hakuwapo. Palikuwa na mke aliyeona haya kwa ajili ya herufi moja.

Walichoambiana wawili hao waliporudi nyumbani kutoka uwanjani ni chao. Hakisemwi.