Ukuta wa Matete

Mapigano yalipoingia mjini, nilikuwa nyumbani na mama mkwe wangu, sisi wawili tu. Mke wangu, mwenye mimba kubwa, alikuwa Isangi kwa dada yake. Mama yake alikuwa amekuja kwetu, mtaa mkubwa, au komini, ya Tshopo, kutibiwa macho, akashindwa kurudi kwa sababu mitumbwi iliacha kusafiri.

Kwao mtoni, kama kwetu Kivu nilikozaliwa, mwanamume hali pamoja na mama mkwe wake, wala hamtazami usoni. Nyumbani tuliweza: yeye jikoni, mimi kwenye duka langu. Lakini bomu lilipoangukia nyumba ya jirani, tulikimbia na wengine kuelekea mtoni. Njiani watu walitawanyika, tukajikuta wawili ndani ya matete.

Matete ni majani marefu kuliko mtu, na pale yalifunika ukingo mzima. Wakati wa amani tuliyakata kwa ua na kwa kulisha mbuzi. Chini yake simbiliki, wale panya wakubwa ambao nyama yao hugombaniwa sokoni, walikuwa wametafuna vijia vyao. Tulitambaa kwenye kimoja hadi katikati. Juu yetu ndege walichana majani wakisuka viota. Waliponyamaza ghafla tulijua askari wanapita, tukabana pumzi.

Mama mkwe alipopata nguvu, aliinamisha mabua yaliyokuwa kati yetu, akayafunga kwa majani yake mpaka ukawa ukuta. Mimi upande huu, yeye upande ule. Alinipitishia machipukizi machanga kwa chini, tukatafuna kila mtu kwake.

Kesho yake maji ya mto yalinivuruga tumbo. Kutoka nisingeweza, askari walikuwa njiani. Nilijichafua palepale nilipolala, mimi mtu mzima mwenye duka. Niliona heri risasi inipate kuliko yeye kusikia harufu ile. Lakini alishasikia yote.

“Vua suruali,” alisema kwa sauti ya chini.

“Hapana, mama.”

“Kuona haya iko ya nyumbani. Huku utakufa.”

Akabomoa ukuta aliousuka mwenyewe. Alitambaa hadi majini, akarudi na kitambaa chake cha kichwa kikidondosha maji, akaniosha. Uso aliugeuzia pembeni, mikono ikinitafuta kama ya kipofu, na yote ilikuwa imechanwa na makali ya majani. Mimi nilifunika macho kwa kiwiko. Alirudia kila nilipochafuka tena. Kisha kila mara aliyasimamisha mabua na kuyafunga upya.

Bunduki ziliponyamaza tulirudi nyumbani. Yeye alitangulia, mimi nilimfuata kwa mbali kama watu wasiojuana. Nyumba ilikuwa imesimama, ila mlango haukuwepo. Tangu siku hiyo nilikula dukani na kuingia nyumbani kwa kunyata.

Mke wangu aliporudi na mtoto mchanga, nilikuwa sebuleni. Mama mkwe alikuwa jikoni, mgongo kwetu, akitwanga sombe, majani ya muhogo.

“Uliza bwana yako kama tumbo yake iko muzuri sasa,” alimwambia binti yake.

“Tumbo gani?” mke wangu aliuliza, akinitazama.

Mama mkwe aliendelea kutwanga. Nilichukua bidoni, dumu letu la maji, nikaenda kuteka, ingawa pipa lilikuwa limejaa.