Msusi na Filamu ya Matone

Msusi huyu alikuwa na mikono ya dhahabu na moyo wa kifaranga. Ukijikata kidole mbele yake, anayeanguka ni yeye. Utotoni alizimia kwenye foleni ya chanjo kabla zamu yake haijafika, kwa kumtazama tu mtoto wa mbele akidungwa. Mama yake alikuwa muuguzi na alitamani bintiye afuate nyayo zake. Siku alipompeleka hospitali akaione kazi, binti alirudishwa getini kwenye kiti cha magurudumu, kalowesha shati zima kwa jasho. Ndipo mama akakubali, shingo upande, kwamba huyu akasuke. Nywele hata uzikate vipi hazitoki damu.

Sasa mtu wa namna hiyo, nani angedhani kwamba filamu anayoipenda kuliko zote ni ile iitwayo Tone?

Kwa asiyeijua, Tone ni hivi. Familia imehamia nyumba ya kupanga. Wamekaa mezani wanakula, mara kitu chekundu kinadondoka kutoka darini na kutua katikati ya kitambaa cheupe. Mama wa watoto anakifuta kwa kidole, anatazama juu. Kuanzia hapo ni patashika. Juu ya dari kumbe anaishi mtu na msumeno wake, na kabla filamu haijaisha, kuna watu wametoka humo vipandevipande. Ilipendwa mno, ikazaa ya pili, ya tatu, hata zikafika nane, na muuaji wake anachorwa kwenye fulana za watoto wa shule.

Msusi aliifahamu kwa bahati. Mteja mmoja, mwenye kutaka ile misuko myembamba inayokula siku nzima, alikuja nayo ili asisinzie. Msusi akaipa televisheni mgongo, akashukuru Mungu. Alisahau kwamba saluni ni vioo vitupu. Kila alipoinua macho, kioo kilimwonyesha yaliyokuwa nyuma yake. Akashika kiti cha mteja kwa nguvu, akingoja giza limfunike kama kawaida. Giza halikuja.

"Mbona sijaanguka?" alijiuliza kwa sauti.

"Uanguke wewe, nywele zangu aje kumalizia nani?" mteja akamjibu.

Swali hilo lilimkaa kichwani kama wimbo. Akaiazima filamu, akaitazama nyumbani, kwanza kupitia vidole, kisha kwa macho makavu. Na jicho la fundi halilali. Aligundua kwamba yule mama wa kwenye filamu, akishamwagikiwa damu, nywele zake zinashikana vishungivishungi, zinang'aa, hazikauki. Hiyo si damu, akasema, hiyo ni sharubati nzito. Basi kuna watu walimkalisha yule dada kwenye kiti, wakammiminia kichwani kwa uangalifu. Na jioni yake kuna msusi mwenzake, huko asikokujua, aliyesimama na maji ya uvuguvugu akimtoa ule utandu kidogokidogo. Walizungumza nini, wale wawili? Walicheka? Tangu hapo kila alipoitazama Tone aliona watu wawili wawili: anayekufa, na aliyemtayarisha kufa.

Akawa hachoki kuisifia. Ukikaa kwenye kiti chake, atakwambia damu si kitu, ujanja wa filamu ile uko kwenye kimya. Kwamba muuaji haonekani mpaka umeshamwogopa mwenyewe bila msaada. Wengine walimsikiliza. Wengine walihamia saluni ya ng'ambo.

Mambo yalibadilika mama yake alipoteleza bafuni, akaumia nyonga. Msusi akamchukua akae kwake, akamtandikia sebuleni ili asipande ngazi. Mama alikuwa mstaafu ambaye hajui kustaafu. Alipanga upya dawa zake, akapanga za bintiye, akamaliza, akabaki kutazama ukuta. Filamu ile ilipotajwa alifyonya.

"Damu nimeiona maisha yangu yote, tena ya kweli. Ya sharubati ya nini?"

Lakini upweke hauna adabu. Jumapili moja mchana, jua limejaa dirishani, akasema mwenyewe, "Haya, weka hicho kioja chako. Nataka kujua nimezaa mtu wa aina gani."

Msusi akaweka, akaketi kwenye zulia kando ya kitanda. Mwanzoni mama alikuwa anacheka. "Mtu akikatwa hapo harushi hivyo, mwanangu. Huyu katoa pipa zima!" Kichwa cha mpangaji wa jirani kilipobingirika ngazini, aliomba maji ya kunywa.

Kisha ikafika sehemu ambayo haina damu hata chembe. Yule mama wa kwenye filamu amesikia hatua darini, na watoto wako mezani. Anatabasamu. Anawapakulia. "Kuleni, wanangu," anawaambia, na mkono wake wa kushoto, aliouficha chini ya meza, unatetemeka kama jani.



"Simamisha hapo," mama akasema.

Msusi akageuka, akadhani nyonga imeuma. Mama alikuwa anautazama ule mkono uliogandishwa kwenye skrini.

"Huyu mwanamke nani kamfundisha?"

"Kumfundisha nini, mama?"

"Kucheka na meno, mkono ukiwa hivyo." Akamgeukia bintiye. "Ile mifuko mikubwa ya sare yangu, wewe ulidhani ni ya kalamu?"

Msusi hakuelewa upesi. Alipoelewa, alipiga magoti kando ya kitanda. "Ulikuwa unaogopa damu?"

"Damu ilinizoea, nami nikaizoea. Nilikuwa naogopa macho ya mgonjwa. Mgonjwa anakusoma uso, mwanangu. Ukikunja tu kipaji, ameshajua. Basi uso nauachia tabasamu, mikono naitia mfukoni, huko itetemeke itakavyo."

Miaka yote hiyo msusi aliamini kwamba mama yake alizaliwa bila woga, na kwamba yeye ndiye kasoro iliyoingia kwenye ukoo. Alitaka kulia, lakini udadisi ukamtangulia. Akauliza mgonjwa gani alikuwa mgumu zaidi. Akauliza kama kuna siku uso ulimsaliti. Mama akajibu, taratibu, mambo ambayo hajawahi kuulizwa na mtu. Chai ikapoa. Waliporudi kwenye filamu, jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili, na mama hakucheka tena, hata kwenye msumeno.

Ilipoisha akasema, "Huyo mtengenezaji amewahi kuuguza mtu."

Baada ya hapo, nani angemzuia? Alidai ya pili siku iliyofuata, akaitupa mkono: "Hapa wamemwaga tu." Ya tatu akaiita mapambo ya harusi. Ya tano ilimgawanya na bintiye kabisa, mmoja akitetea mwisho wake, mwingine akiapa kwamba hata muuaji alikuwa amechoka. Walibishana wakimenya viazi, walibishana mazoezini, mama akitembea na fimbo korido nzima bila kuhisi maumivu, maana hasira ilikuwa kwenye ya tano. Kipya kinyemi ingawa kidonda.

Ya tisa ilipotoka, mama alikuwa anatembea. Wakaenda jumba la sinema, onyesho la mchana. Mkata tiketi akawatazama, akainama kwa heshima.

"Shikamoo, bibi. Samahani, hii inatisha sana. Ukumbi wa pili kuna ya katuni."

"Marahaba, mwanangu. Katuni ina msumeno?"

"Haina."

"Basi tukatie hiyo hiyo."

Wakakaa mstari wa kati. Taa zikazimwa, tone la kwanza likadondoka, vijana wakapiga mayowe. Msusi akamgeukia mama yake ili amwone akishtuka. Mama alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, mikono miwili imetulia mapajani, mbele ya macho ya watu. Kwenye skrini mtu akakatwa, akafuata mwingine. Msusi alitazama mbele, akatazama pembeni, akashindwa kuchagua. Mwishowe akawaacha wafu wafe, akabaki kuitazama ile mikono.