Mahganj na Ufuo wa Bamvua

Mahganj alizaliwa Ormara, binti wa mvuvi asiyejaliwa mtoto wa kiume. Utoto wake wote alikwenda baharini na baba yake, na pwani yote akaijua kwa upande wa majini. Barabara ya lami ilipokuja alikuwa bibi wa wajukuu tisa, wala hakuwa na safari.

Safari ililetwa na mtoto wa jicho. Macho yote mawili yaliingia ukungu, ikabidi mkwewe Shambay ampakie kwenye pikapu ampeleke Karachi kwa daktari.

Njiani, huko Buzi, kwenye majabali yaliyochongwa na upepo, Shambay alipunguza mwendo.

"Mama, unayaona?"

"Naona weusi tu. Yako kushoto?"

"Kulia."

"Basi yamehama. Zamani yalikuwa kushoto."

"Barabara imepita nyuma yake, mama." Shambay alicheka hadi akapaliwa na chai.

Walipokaribia kijiji cha Kund Malir upepo ulivuma kwa nguvu. Ulipotulia, rundo la mchanga lilikuwa limekata barabara. Shambay alijaribu kupita mara mbili, magurudumu yakazama, akarudi nyuma akitukana.

"Kuna kilima cha vichwa viwili, kama ngamia waliolala?" Mahganj aliuliza.

"Kipo, kushoto."

"Leo mwezi una siku ngapi?"

"Kumi na sita."

"Hilo bamvua, bahari hujaa sana na kupwa sana. Saa kumi hii maji yamekupwa. Shuka ufuoni."

"Mama, hii pikapu, si mashua!"

"Mbele ya kilima hicho mchanga ni mgumu kama sakafu. Baba alikuwa akianika samaki hapo. Wewe unajua lami tu, mwanangu."

Mahganj akateremka, akavua viatu, akatangulia huku akipapasa mchanga kwa nyayo. Palipolegea aliinua fimbo, na Shambay akakata kona. Mahali pamoja wimbi liligusa magurudumu. Shambay akaanza kusoma dua kwa sauti.

"Soma kimoyomoyo," alisema Mahganj, "nasikiliza maji."

Baada ya nusu saa walitokea kijijini, katikati ya mashua zilizopandishwa nchi kavu. Wavuvi waliacha nyavu, wakawazunguka.

"Nani kawaonyesha njia?"

"Huyu kipofu," alisema Shambay.

"Kipofu ni wewe, mwenye macho mawili usione bahari imekupwa!" alijibu Mahganj.

Wavuvi waliangua kicheko, wakawakaangia samaki.

Karachi, daktari alilitengeneza jicho la kushoto kwanza. Siku ya kurudi, Mahganj aliomba wasimame kwenye kilima cha tope, ambacho toka utotoni alikuwa akikiona kwa mbali, kimesimama kama jino la kijivu. Alipanda polepole, ameshikwa mkono. Kileleni tope lilikuwa likichemka, mapovu ya gesi ya ardhini yakipasuka taratibu. Alichovya kidole.

"Baridi," alisema. "Na mimi miaka yote nilidhani ni moto."