Vigae vya Mama

Harufu ya vyungu vikichomwa siwezi kuichanganya na nyingine. Ni majani makavu na mavi ya ng'ombe yaliyokauka, yanafuka pamoja, halafu katikati ya moshi unasikia udongo wenyewe ukiiva, unanukia kama shamba lililopata mvua ya kwanza. Mama yangu alikuwa mfinyanzi. Tulikaa upande wa Endebess, katika laini za nyumba za wafanyakazi wa shamba ambalo mzungu alikuwa ameliacha akaenda kwao, na hakuna nyumba katika zile laini iliyokosa chungu cha mama, cha maji, cha mboga au cha pombe ya busaa. Vilivyopasuka motoni alivitupa nyuma ya nyumba, na lile rundo la vigae lilikua mpaka kuku wakawa wanapanda juu yake kuota jua. Baba alikuwa ameshakufa. Tulibaki mama, mimi, na mdogo wangu Wafula aliyekuwa na kifua kibaya. Nasema hivi mapema usije ukaniuliza mbele huko kwamba mwanaume wa kututetea alikuwa wapi. Hakuwako.

Wakati huo nilikuwa shuleni. Shule yenyewe ilikuwa banda la kukamulia ng'ombe, na jua likiwaka sakafu ilinuka maziwa yaliyochacha. Mwalimu wetu alikuwa kijana mwembamba kutoka Bungoma, na alipenda habari za watu wa kale kuliko hesabu. Alitueleza juu ya Athene, ule mji wa Wagiriki tunaousikia kanisani katika safari za Paulo, lakini yeye alirudi nyuma sana, kabla ya Paulo kuzaliwa. Alisema mji ule haukuwa na mfalme. Asubuhi wanaume walipanda kilima cha mawe wakakaa, wakabishana juu ya vita na bei ya ngano, kisha wakainua mikono, na mikono ikawa ndiyo sheria. Wanawake walibaki ndani wakisokota sufu. Watumwa walichimba fedha chini ya ardhi. Kulikuwa pia na watu waliotoka miji mingine, waliozaa na kuzeeka pale pale, lakini siku ya kuinua mikono hawakuhesabiwa. Wafinyanzi walikuwa na mtaa wao. Hilo nilimkimbilia mama nikamwambia, naye akacheka, mikono imejaa udongo. "Mtaa mzima? Basi hao watu walikuwa na akili."

Jambo lililotuingia sana sisi watoto lilikuwa la vigae. Mwalimu alisema, mtu akiwa mkubwa kupita kiasi katika mji ule, ana mali na maneno matamu na anaanza kutembea kama mfalme, watu walikutana sokoni, kila mmoja akakwaruza jina juu ya kigae. Aliyetajwa na wengi aliondoka, akakaa mbali miaka kumi. Tukasema tucheze. Nani alikuwa na vigae? Ni mimi. Mama alinijazia kikapu. "Beba, hivyo ni takataka." Nikavibeba kichwani hadi shuleni, na nilipovimwaga chini mwalimu akasema, "Wasichana, nyinyi kaeni ndani msokote sufu, ndivyo ilivyokuwa." Nikakaa nyuma ya ukuta nikisokota hewa, huku wavulana wakikwaruza vigae vya mama yangu. Wakamtaja mwalimu mwenyewe, kwa sababu ya fimbo yake. Akavaa kofia, akatoka mpaka barabarani akijifuta machozi ya uongo, tukapiga kelele za furaha. Wanaume waliokuwa wakitengeneza ua waliacha kazi wakatazama. Mmoja wao alikuwa Mzee Barasa, aliyekuwa nyapara wakati wa mzungu. Yeye hakucheka.

Halafu akaja mtu wa serikali, amevaa viatu vya kung'aa, akasema shamba litagawanywa na kila nyumba itapata kipande. Kina mama walipiga vigelegele, na mama yangu alipiga kuliko wote. Yule mtu akangoja wanyamaze, akasema vipande vimepungua kimoja. Nyumba moja itakosa. Hiyo mtapatana wenyewe, alisema, akaenda zake.

Sijui kama nimewahi kuona hofu kama ile. Watu waliokuwa wakiombana chumvi walianza kupita kando. Mzee mmoja alianza kueleza kila mtu, bila kuulizwa, alivyofika pale kabla ya wengine. Hakuna aliyetaka kusimama mbele ya jirani yake na kusema wewe ndiwe utoke. Kisha nikaona wanawake wakija kwetu mmoja mmoja, wameshika vyungu walivyoazima kwa mama, wameviosha vizuri, wanaviweka mlangoni. "Nimekurudishia, mama Nasimiyu," halafu wanaondoka haraka. Nasimiyu ndiye mimi. Mama alivipanga ukutani, akaketi chini akavitazama. "Wameshaamua," akasema. Jioni hiyo ugali ulipoa na hakuna aliyeugusa isipokuwa Wafula, maana yeye alikuwa mdogo.

Mzee Barasa alikuja na gunia. Alisema wazee wameona njia nzuri isiyo na matusi, ile ya watoto wa shule. Wengi hawakujua kuandika, kwa hiyo kila nyumba ilipewa picha yake, nyingine jembe, nyingine jogoo, nyingine kigoda. Yetu ilikuwa chungu. Alikuwa amekuja kuchukua vigae.

Mama akapiga magoti. Mama yangu, ambaye sikuwahi kumwona akimwomba mtu hata kiberiti. "Mzee, nina watoto wawili. Basi nipe na mimi kigae kimoja niweke."

"Mama Nasimiyu, usinitese," alisema yule mzee, akitazama kuku. "Wewe toa vigae tu. Kuchagua ni kwa wanaume."

Akajaza gunia lake mwenyewe. Mama akanishika bega mpaka likauma. "Kimbia kwa mwalimu wako. Si yeye ndiye aliyeleta mchezo huu? Aje auzuie."

Nilikimbia, na mwalimu alikuja, hilo simnyimi. Alisimama mbele ya wanaume, nao wameshakwaruza vigae vyao. "Wazee wangu, mmekosea. Ule mji ulimtoa mkubwa aliyewatisha. Huyu ni mjane. Na aliyetolewa kule hakunyang'anywa shamba. Miaka ikiisha alirudi akakuta nyumba yake."

"Ati arudi?" mmoja akasema, na wengine wakacheka, kile kicheko cha watu wanaoogopa. "Hayo ya kurudi watoto hawakucheza."

"Mwalimu, unakula unga wa nani hapa?" akauliza Mzee Barasa. "Hesabu."

Akahesabu. Nilikuwa nimesimama kando ya ghala la shamba na mama, na Wafula mgongoni mwangu. Waliweka gunia chini, wakamimina vigae juu yake, na mwalimu akaokota kimoja kimoja akionyesha. Chungu. Jogoo. Chungu. Chungu. Baada ya muda akawa anaonyesha tu. Nilivijua vile vigae. Kimoja kilikuwa mdomo wa chungu cha maji ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nimekilainisha kwa kokoto, kikapasuka motoni, na juu yake mtu alikuwa amekwaruza nyumba yetu.

Tuliondoka mvua ikinyesha, tukaelekea Naitiri kwa mjomba. Kifua cha Wafula hakikuipenda ile mvua. Mama alimfunika kwa gunia, akamfunika kwa leso yake, akamfunika kwa mwili wake, na bado alikuwa akikohoa tulipofika, na kabla mahindi ya mjomba hayajatoa maua tukamzika. Shule yangu iliishia hapo. Mama aliendelea kufinyanga, maana ilibidi tule, ila hakuacha tena kigae nyuma ya nyumba. Alivitwanga vyote mpaka vikawa unga, akauchanganya na udongo mpya. Wafinyanzi wengi hufanya hivyo ili chungu kiwe na nguvu. Mama hakuwa akifanya hivyo zamani.

Sasa nakaa upande wa Kwanza kwa binti yangu, na mimi ni mzee kuliko mama alivyopata kuwa. Uchaguzi ukifika napanga foleni mapema, napewa karatasi yangu, na hakuna mwanaume anayeniambia nitoe vigae tu. Hilo limebadilika, na nashukuru. Lakini nimepiga kura nyingi, na bado nangoja kuona mkubwa akitoka kwa mguu kwenye mvua, amebeba mtoto mgonjwa.

Majuzi mjukuu wangu Nekesa, aniitaye kukhu, yaani bibi, aliniletea kitabu chake cha historia. Ndani kulikuwa na picha ya kigae cha mji ule ule, kimewekwa kwenye kioo kama kitu cha thamani, na jina limekwaruzwa juu yake.

"Kukhu, huyu walimfukuza. Alikuwa mtu mkubwa sana," akasema.

"Na chungu kilikuwa cha nani?"

Akasoma maneno ya chini ya picha kidole kikifuata mstari. Akafunua ukurasa wa pili, akarudi.

"Hawajaandika."

"Tafuta tena," nikamwambia.