Siku Ziwa Lilipoingia Kwenye Injini

Mama yangu alikuwa akisafishwa damu hospitali mara tatu kwa wiki, kwa sababu figo zake zilikuwa zimechoka. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka kutoka kwetu Buhongwa hadi mjini, kwa gari langu dogo kuukuu, na kukosa hata siku moja lilikuwa jambo la hatari. Kwa hiyo Jumatatu taa ya injini ilipowaka kwenye dashibodi, nililipeleka gari kwa fundi kabla hata sijafika nyumbani.

Fundi wa jirani alichomeka mashine yake, akasoma namba, akasema sensa ya hewa, kile kifaa kinachopima hewa inayoingia kwenye injini, imekufa na mpya lazima iagizwe Dar. Wiki mbili. Nilimjibu vibaya, utadhani yeye ndiye aliyeiua.

Jumanne tuliondoka hivyo hivyo. Gari lilianza kukohoa Mkolani, likajikokota hadi Igogo, na hapo likagoma kabisa huku likitoa moshi mweusi. Bahati yetu, kando ya barabara palikuwa na fundi mwenye banda la mabati. Alimsalimia Mama kwanza, pale dirishani, "Shikamoo, mama," akaitikiwa, ndipo akanigeukia. Nikaanza kumweleza habari za sensa. Yeye aliinama mbele ya gari, akakwangua kitu kwa ukucha, akakitazama.

"Dada, Jumapili mlikuwa wapi?"

Nilitaka kumwambia hayamhusu. Mama akaniwahi. "Tulikuwa ziwani, tunaangalia wadudu."

Ni kweli. Mama kazaliwa ufukweni, upande wa Mara, na Jumapili tukitoka kanisani aliyaona mawingu yao juu ya maji, akaniomba tusogee. Wale wadudu wadogo huishi chini ya ziwa wakiwa vijinyoo, halafu siku yao ikifika huibuka kwa pamoja na kupanda angani kama moshi. Nimekulia hapa na sijawazoea mpaka leo. Siku ile nguzo yao ilipanda mpaka shingo ikaniuma kuitazama, kisha ikainama taratibu na kuja nchi kavu, ikatufunika. Mvumo wake ulikuwa mwembamba na haukukatika. Nilijiona mdogo mno, na nilipenda kujiona hivyo. Hata hivyo nyumbani nilikuwa na nguo za kufua, basi nikaacha injini inaunguruma ili Mama ajue hatukai.

"Wale waliotoka Jumapili wamejaa hapa mbele. Ulizima gari?" fundi akauliza.

"Hakuzima," Mama akasema.

Fundi akafungua boksi la chujio la hewa. Sijapata kuona kitu kama kile. Chujio halikuonekana, lilikuwa limefunikwa na wadudu waliokufa, tabaka juu ya tabaka, mbawa zikimeta juani.

"Injini inavuta pumzi kama mtu," alisema. "Ukiiacha inawaka katikati yao, inawavuta tu. Na chujio lako halikukaa sawasawa, wengine wamepenya."

Akachomoa ile sensa iliyodaiwa kufa. Ndani yake kulikuwa na kijiwaya chembamba kama unywele, kimegandwa na vipande vya mbawa. Alikipulizia dawa ya kusafishia bila kukigusa, akakiacha kikauke. Akakung'uta chujio, akalikaza mahali pake. Ndipo akachukua mashine yake ya kusomea namba, akaifuta ile taa ya dashibodi. Nilipowasha gari taa haikurudi, na injini ikatulia. Alichonidai hakikufika hata bei ya kuku.

Unafuu wa bei ulinifurahisha, lakini kilichonipa butwaa ni mtu yule kuisoma Jumapili yangu nzima ndani ya boksi la plastiki, pamoja na haraka zangu.

Wadudu walikuwa wametapakaa mezani kwake. Mama aliomba aletewe wachache, akawapokea kwenye kiganja, akawatazama kwa muda.

"Kumbe na gari lenyewe chujio limeziba, kama mimi na figo zangu," akasema, na akacheka mpaka akafuta machozi. Fundi naye akacheka. Mimi niliona aibu. Mama aliomba kitu kimoja tu wiki ile, nami nikamharakisha.

Hospitali tulifika tumechelewa kidogo, wakampokea.

Mwezi uliofuata, tukitoka kwenye matibabu, niliona mawingu yameinuka tena. Nilikata kona kuelekea ziwani bila kuombwa, nikasimama karibu na maji. Mama aliitazama dashibodi, kisha akanitazama mimi.

"Tusikae sana," akasema. "Una kazi zako."

Nikazima gari, nikachomoa ufunguo, nikauweka mkononi mwake.