Lebo za Kijani Kutoka Thika

Duka moja la Thika lilikuwa limekataa vesti zetu za watoto wachanga. Mwenye duka alisema kisheria lebo ni lazima ionyeshe kitambaa ni cha aina gani, umri wa mtoto, namna ya kufua, na mtengenezaji anapatikana wapi. Zetu, nilivyojua mimi, zilikuwa na jina na saizi tu. Kazi yangu ni kuchapa picha kwenye vesti. Dada yangu Wairimu ndiye hushona lebo na kupeleka mali madukani. Jumanne hiyo mtoto wake alikuwa na homa, nikasema nitaenda kuagiza lebo mpya mwenyewe.

"Si ungoje tu, nitaenda wiki ijayo," Wairimu aliniambia mara mbili. Sikungoja.

Saa mbili asubuhi niliondoka nyumbani Kimbo, karibu na Ruiru. Barabara kuu ilikuwa wazi, na kabla ya saa tatu nilikuwa Thika, nikitembea kando ya kuta za viwanda.

Mfumaji wa lebo ni Mzee Jayant, mzaliwa wa hapohapo Thika, mwenye mashine mbili nyuma ya duka la vitambaa. Nilipomtajia jina la biashara yetu, alicheka.

"Mama, zenu nimefuma juzi tu. Zimeisha haraka hivyo?"

Akafungua daftari la sampuli. Jina letu lilikuwapo, kwa uzi wa kijani. Chini yake: *Imepimwa kwenye maabara. Salama kwa mtoto.*

Nilisoma mara tatu. Hatujawahi kupima chochote. Wino wenyewe nanunua kwenye mikebe isiyo na maandishi.

"Nani alikuambia uandike hivi?"

"Mwenzako, yule wa miwani. Niliuliza karatasi ya maabara, akasema iko nyumbani." Alikuwa ameacha kucheka. "Kwani hakuna?"

Wa miwani ni Wairimu. Nilimwomba sampuli moja ya lebo, nikaondoka.

Saa tano nilishuka Ruiru mjini, kwenye duka linalouza nguo zetu zaidi. Mbele yangu mama mmoja, mtoto mgongoni, alikuwa akigeuza ukosi wa vesti yetu.

"Nipe hii," alimwambia mwenye duka. "Hii imepimwa. Wangu hutoka vipele."

"Mum, usichukue," nilijisikia nikisema. "Mimi ndiye niliyeichapa. Haijapimwa."

Aliiachilia mezani kana kwamba imemchoma. "Na ile nilinunua mwezi jana?"

Nilimwandikia namba yetu kwenye karatasi.

Saa saba nilikuwa nyumbani Kimbo. Wairimu alikuwa kitandani akimbadilisha mtoto nguo. Nikaweka lebo mbele yake.

"Kila mtu anaandika hivyo," alisema bila kuinua macho. "Nani ameumia?"

Nilitazama nguo zilizotandazwa pale. Zote zilikuwa za kununuliwa. Miezi saba tangu azaliwe, na sikuwahi kumwona mtoto yule na vesti yetu hata moja.

"Mbona huyu humvalishi zetu?"

Akaanza kulia. "Ngai, Mungu wangu, sijui. Niliogopa ule wino."

Kesho yake tulizunguka madukani sote wawili, tukakusanya zilizobaki na kuacha namba yetu kwa ajili ya walionunua. Yule mama wa Ruiru hajapiga. Vipande vya kitambaa viko maabara, na sichapi kitu hadi majibu yatoke.

Sheria ya lebo nimeielewa, si ngumu. Ila bado nashtuka nikikumbuka kwamba dada yangu alidanganya, lakini angalau aliogopa. Mimi nilichapa miaka minne bila kufikiria kuuliza wino ule una nini.