Kikombe cha Bibi yake Odette

Juzi sokoni Rumonge, mama muuza mawese alimimina chai, akainywa kidogo kwanza, ndipo akanipa. Nikakumbuka alasiri moja Minago, tulipokuwa tumerudi tu nchini kwetu kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania. Odette, mwanafunzi pekee aliyekubali kukaa nami benchi moja, alinipeleka kwao.

Nyumba ilinuka moshi na ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani. Bibi yake alimimina mutobe, maji matamu ya ndizi, akapiga mafunda mawili, akanipa. Nilihesabu tena: mawili kweli. Kwetu kambini mgeni hakupewa kilichopungua. Hata hivyo nilifumba macho, nikaomba kwa sauti kama kanisani: Mungu akitakase kinywaji hiki, atuepushe na mabaya.

Nilipofumbua macho, bibi alikuwa amemgeukia Odette.

“Huyu mutoto anaona nimemutilia sumu?” bibi aliuliza.

Akanywa tena huku akinikazia macho. Mimi nikaona ananipunja mara ya pili. Sikujua kwamba huku mwenyeji huonja kwanza ili mgeni asiogope sumu.

Odette alininong'oneza, machozi yakimlenga: “Kunywa yote, ama kesho utafute benchi ingine.”

Nilikunywa mpaka chini. Bibi alichungulia kikombe, akakijaza tena. Safari hii hakuonja, nami sikuomba.